Maisha ya Daktari Friedrich Welwitsch

Sisi tuliozaliwa pwani, baina ya Palma na Mocímboa da Praia, tumezoea minazi, mikoko na mibuyu. Jangwa twalisikia katika masomo tu. Lakini Wareno waliotawala Msumbiji walitawala pia Angola, upande wa pili wa Afrika, na jangwa la Namib laingia kusini ya nchi hiyo. Mtu aliyeujulisha ulimwengu mmea wa ajabu kupita yote ya jangwa lile alikuwa katika kazi ya Serikali ya Ureno, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Mreno.

Friedrich Welwitsch alizaliwa tarehe 25 Februari 1806 huko Maria Saal, katika nchi ya Austria. Alisomea udaktari Vienna, lakini moyo wake ulikuwa katika mimea. Mwaka wa 1839 chama cha wapenda mimea kilimtuma aende kukusanya katika visiwa vya Azores na vya Cabo Verde. Alifika Lisbon, akakaa kungoja safari, akajifunza Kireno, akaipenda nchi. Visiwani hakwenda tena. Wareno wakampa kazi ya kutunza bustani za mimea, na mwaka wa 1853 wakampeleka Angola.

Huko alikaa yapata miaka saba. Homa zilimwandama, na miguu yake ikaota vidonda. Mwaka wa 1854, huko Golungo Alto, alikutana na Daktari Livingstone aliyekuwa akipita katika safari yake ya kuvuka Afrika. Alikusanya mimea ya aina kama 5,000, na kila mmea aliukausha, akaandika ulipatikana wapi na katika hali gani. Kazi hii ya kuandika yaonekana ndogo, lakini mbele tutaona faida yake.

Mwaka wa 1859 aliteremka mpaka Moçâmedes, mji wa pwani ya kusini, ili apate nafuu. Hata tarehe 3 Septemba, karibu na Cabo Negro, katika ardhi kavu yenye mawe, akauona mmea wenyewe. Shina lake ni fupi na pana kama kisiki kilichokatwa. Majani ni mawili tu maisha yake yote. Hayapukutiki, bali hukua toka shinani mwaka hata mwaka, na upepo huyachana mpaka yakawa kama chane za ukindu zilizotupwa chini. Inasemekana kwamba alipiga magoti akautazama tu, akiogopa kuugusa usije ukatoweka kama ndoto. Watu husema aliuvumbua. Lakini wenyeji walikuwa na jina lake, ntumbo, na yeye mwenyewe alitaka uitwe kwa jina hilo, Tumboa. Ni Joseph Hooker, mtaalamu wa bustani ya Kew karibu na London, aliyeuita Welwitschia mirabilis.

Mmea huu waota katika ukanda wa jangwa wa Angola na Namibia tu, wenye urefu wa kilometa kama 1,000. Lakini hauoti kwa mfululizo: kundi moja hapa, kisha nchi tupu, kisha kundi jingine kule. Kuna mimea dume na mimea jike. Wadudu huchukua chavua, na mbegu zina mabawa lakini upepo hauzifikishi mbali. Tufikiri juu ya visiwa vyetu, Vamizi, Matemo na Ibo. Kama mashua zingekoma kwa miaka elfu nyingi, na kila kisiwa kikaoana chenyewe kwa chenyewe, wajukuu wa Vamizi wangekuwa na sura yao na wa Ibo yao. Na kisiwa chenye watu wachache kingegeuka upesi zaidi, maana palipo na wachache sifa fulani hupotea kwa bahati tu, si kwa ubaya wake. Ndivyo ilivyo kwa Welwitschia. Mwaka wa 2001 mtaalamu Leuenberger aliigawa katika namna mbili, ya Angola na ya Namibia. Uchunguzi wa jeni wa mwaka wa 2021 nao ulionyesha kuwa makundi ya kaskazini na ya kusini yametengana katika urithi wao. Hivyo kundi moja likifa, mbegu za kundi la mbali haziwezi kurudisha yote yaliyopotea. Na ndiyo maana mmea uliokaushwa bila kuandikwa mahali ulipotoka hausaidii sana katika elimu hii.

Welwitsch alirudi Lisbon mwaka wa 1861, akiwa mgonjwa. Miaka miwili baadaye alihamia London ili kuilinganisha mimea yake na ile iliyokwisha pewa majina. Kazi ikawa ndefu, Serikali ya Ureno ikachoka kungoja, na mwaka wa 1866 ikakata fedha zake. Mimi naona walimwonea, maana kazi ya namna ile haiharakishwi. Lakini ni kweli pia kwamba fedha zilizoikusanya mimea zilikuwa zao. Yeye aliendelea kwa gharama yake mpaka alipofariki tarehe 20 Oktoba 1872. Katika wasia wake aliagiza kwamba mkusanyo ulio bora wauziwe Makumbusho ya Uingereza. Wareno wakashitaki, kwa jina la Mfalme Luís, na watu wakabishana miaka mitatu juu ya majani makavu. Mwaka wa 1875 walipatana: mkusanyo bora uende Lisbon, na wa pili yake ubaki London pamoja na nakala ya maandishi yote.

Alizikwa Kensal Green, London, na juu ya jiwe la kaburi lake umechongwa ule mmea wa majani mawili.