Frankie Lymon

Frankie Lymon (jina kamili: Franklin Joseph Lymon, 30 Septemba 1942 – 27 Februari 1968) alikuwa mwimbaji kutoka nchini Marekani. Anafahamika zaidi akiwa mwimbaji kiongozi wa The Teenagers, kundi la muziki wa doo-wop la jijini New York. Alikuwa na miaka 13 tu wakati wimbo wao "Why Do Fools Fall in Love" ulipotoka mwaka 1956, na alifariki akiwa na miaka 25. Ugomvi kuhusu nani aliutunga wimbo huo, na nani alikuwa mjane halali wa Lymon, uliendelea mahakamani miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Maisha ya awali

Lymon alizaliwa katika mtaa wa Harlem, New York. Baba yake, Howard, alikuwa dereva wa lori, na mama yake, Jeanette, alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Wote wawili waliimba katika kundi la nyimbo za Injili lililoitwa The Harlemaires. Frankie na ndugu zake Lewis na Howie waliimba katika kundi la watoto, Harlemaire Juniors. Nyumbani hapakuwa na uwezo, na alipofika miaka 10 alikuwa tayari anafanya kazi katika duka la vyakula.

Miaka hiyo vijana wa Harlem na Bronx walikuwa wakiimba kwenye kona za mitaa, kwenye ngazi za majengo na popote penye mwangwi mzuri. Doo-wop haikuhitaji ala. Mmoja huongoza, besi hupiga chini, na waliobaki hujaza kwa silabi zisizo na maana, ambazo ndizo zilizoupa muziki huu jina. Kijana asiyeweza kununua gitaa aliweza kuanzisha kundi na marafiki zake.

The Teenagers

Mwaka 1954 Lymon alisikia kundi la wanafunzi wenzake likiimba kwenye onyesho la vipaji shuleni, akajenga urafiki na kiongozi wake, Herman Santiago. Wengine walikuwa Jimmy Merchant (tenori), Joe Negroni (baritoni) na Sherman Garnes (besi). Lymon, Merchant na Garnes walikuwa Wamarekani weusi. Santiago na Negroni walikuwa wa asili ya Puerto Rico. Kundi lilibadilisha jina mara kadhaa kabla ya kuitwa The Teenagers.

Chanzo cha wimbo wao mkubwa kilikuwa barua za mapenzi. Jirani mmoja aliyezoea kuwasikia wakiimba aliwapa barua alizoandikiwa na mpenzi wake ili wazitumie kutungia nyimbo zao, na mstari mmoja wa barua hizo ukazaa wimbo. Mwimbaji Richard Barrett aliwapeleka kwa George Goldner, mwenye kampuni ya rekodi ya Gee. Hadi hapo aliyekuwa akiongoza ni Santiago. Namna Lymon alivyochukua nafasi yake husimuliwa kwa njia tofauti: wengine husema Santiago aliugua siku ya majaribio, wengine husema Goldner aliipenda tu sauti ya yule mdogo. Ilikuwa sauti ya juu, safi, ya mtoto ambaye bado hajabalehe, lakini yenye uhakika wa mtu mzima. Bila sauti hiyo ni vigumu kuufikiria wimbo wenyewe.

"Why Do Fools Fall in Love" ulitoka Januari 1956. Ulifika nafasi ya 1 kwenye chati ya R&B ya Billboard na nafasi ya 6 kwenye chati ya pop, na Julai mwaka huohuo ukashika nafasi ya 1 nchini Uingereza. Kundi lilifuatia na "I Want You to Be My Girl", likaonekana katika filamu ya Rock, Rock, Rock, na mwaka 1957 likatumbuiza katika ukumbi wa Palladium, London. Wavulana hawa walikuwa bado umri wa kwenda shule. Mikataba na hakimiliki vilikuwa mikononi mwa watu wazima.

Kuachana na kundi

Wakati wa ziara ya Ulaya, Goldner alianza kumsukuma Lymon aimbe peke yake, na katika mwaka 1957 akatengana na wenzake. Rekodi ya "Goody Goody" bado ilitolewa kwa jina la kundi zima, ingawa walioitikia nyuma ya Lymon walikuwa waimbaji wa kukodiwa studioni.

Julai 1957 Lymon alionekana akicheza dansi na msichana mzungu katika The Big Beat, kipindi cha televisheni cha Alan Freed kilichorushwa moja kwa moja na ABC. Vituo vya majimbo ya kusini, ambako ubaguzi wa rangi ulikuwa bado sheria, vilikuja juu. Muda mfupi baadaye kipindi kilifutwa.

Kilichommaliza kimuziki, hata hivyo, kilikuwa jambo la kawaida kabisa: sauti yake ilivunjika, kama inavyovunjika ya kila mvulana. Alirekodi tena na tena lakini hakupata wimbo mwingine mkubwa. The Teenagers nao, bila yeye, hawakufika mbali. Lymon alianza kutumia heroini akiwa na miaka 15, na mwaka 1961 aliingia katika matibabu ya kuacha dawa hizo, lakini alizirudia.

Miaka ya mwisho na kifo

Mwaka 1964 alifunga ndoa na Elizabeth Waters. Binti yao alifariki siku chache baada ya kuzaliwa. Zola Taylor, mwimbaji wa The Platters, alidai kuwa waliona nchini Mexico mwaka 1965. Baadaye Lymon aliingizwa jeshini na kupelekwa Fort Gordon, Georgia. Huko alikutana na mwalimu wa shule, Emira Eagle, wakaoana Juni 1967. Alikuwa akitoroka kambini kwenda kuimba klabuni, na hatimaye akaondolewa jeshini.

Mwanzoni mwa 1968 alipata nafasi ya kurekodi tena New York. Tarehe 27 Februari, siku moja kabla ya kuingia studio, alikutwa amekufa bafuni nyumbani kwa bibi yake huko Harlem kwa kuzidisha heroini. Alizikwa katika makaburi ya Saint Raymond's, Bronx, na kwa miaka mingi kaburi lake halikuwa na jiwe.

Kesi za urithi na hakimiliki

Nakala za kwanza za wimbo ziliwataja Lymon, Santiago na Goldner kuwa watunzi. Jina la Santiago likaondolewa baadaye. Goldner alipouza kampuni zake kwa Morris Levy, jina la Levy likachukua nafasi ya la Goldner, japokuwa Levy hakuwa mtunzi wa nyimbo.

Mambo yalichemka mwaka 1981, Diana Ross alipourudia wimbo huo na kuufikisha kwenye kumi bora Marekani. Waters, Taylor na Eagle kila mmoja alidai kuwa mjane halali. Mahakama ya kwanza ilimpa Waters ushindi, lakini rufaa ikamwangukia Eagle, kwa kuwa Waters alipoolewa na Lymon ndoa yake ya awali ilikuwa haijavunjwa kisheria.

Santiago na Merchant walifungua kesi yao wenyewe. Mwaka 1992 mahakama ya shirikisho iliwatambua kuwa ndio watunzi pamoja na Lymon. Miaka minne baadaye mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo, si kwa kuona kwamba hawakutunga, bali kwa sababu walichelewa: sheria ya hakimiliki inatoa miaka mitatu tu ya kufungua madai. Wimbo ukabaki kwa majina ya Lymon na Levy.

Athari

Ronnie Spector wa The Ronettes alimtaja Lymon kuwa aliyemfanya atamani kuimba, na makundi ya watoto yaliyokuja baadaye, The Jackson 5 likiwamo, yalipita katika njia aliyoifungua. The Beach Boys waliurudia wimbo wake mwaka 1964. Kundi liliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1993, wakati Garnes (aliyefariki 1977) na Negroni (1978) hawapo tena. Mwaka 1998 Gregory Nava aliongoza filamu ya Why Do Fools Fall in Love kuhusu kesi ya wajane watatu. Larenz Tate aliigiza kama Lymon.