Aliyekuta Wazo Lake Limeshaandikwa

Semista iliyopita niliandika kijiprogramu cha JavaScript, mistari minane hivi. Kinachukua fanksheni, yaani ule mtambo mdogo unaoupa namba ukakupa jibu, kinaifanya ikubali kuitwa vyovyote. Ukiandika jumlisha(2, 3) unapata 5. Ukiandika jumlisha(2)(3) unapata 5 vilevile. Ukiipa 2 peke yake haigombi: inaishika ile 2, inakurudishia fanksheni nyingine inayosubiri namba ya pili. Watu wa kompyuta wameupa mtindo huu jina la Curry, na mwenzangu wa chumbani akadhani nazungumzia binzari ya pilau. Ni mtu, jamani. Haskell Curry, Mmarekani.

Alizaliwa mwaka 1900 huko Millis, Massachusetts. Wazazi wake waliendesha chuo cha kufundisha watu kuzungumza mbele ya hadhira, mjini Boston. Mwaka 1916 aliingia Harvard akitaka udaktari wa tiba, akahamia hesabu. Alipomaliza akaenda kusoma uhandisi wa umeme, halafu fizikia, halafu huyoo akarudi tena kwenye hesabu. Sisi tukibadili kozi mara moja tu nyumbani kinaitishwa kikao.

Kilichomrudisha ni swali dogo. Katika vitabu vya mantiki kulikuwa na kanuni ya kubadilisha herufi kwa kitu kingine, na wote waliipita kama jambo jepesi. Yeye aliona si jepesi hata kidogo, akaanza kuivunja vipande vidogo kabisa. Mwaka 1927 akiwa mwalimu Princeton, akipekua maandiko, akakutana na makala ya 1924 ya Moses Schönfinkel. Wazo lake lilikuwa mle. Hata mbinu ya kuigeuza fanksheni ya vitu viwili ipokee kimoja kimoja ilikuwa mle. Schönfinkel alikuwa ameyaeleza hayo Göttingen, Ujerumani, tangu 1920.

Hapa ndipo niliposimama kusoma, maana yalikuwa yamenikuta. Nikiandaa pendekezo la utafiti niligundua kuna mtu wa chuo kingine kaishafanya mada yangu, karibu maswali yaleyale. Rafiki akanishauri nisimtaje, nani atajua?

Curry angeweza kunyamaza pia. Schönfinkel alikuwa mbali, ameugua akili, na hata makala ile iliandaliwa kwa ajili yake na mwenzake, Heinrich Behmann. Hakuwa mtu wa kuja kudai. Curry badala yake alifunga safari kwenda Göttingen kulekule, kwa watu walioijua kazi ile, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1930, na jina la Schönfinkel akaendelea kulitaja kwenye maandishi yake. Kisha akafanya alichobakiza mwenzake, na kilikuwa kingi: alikaa na mantiki hiyo maisha yake yote, sehemu kubwa akifundisha katika chuo cha jimbo la Pennsylvania, mpaka 1966. Alifariki 1982.

Jina lilibaki kwake bila yeye kuliomba. Kuna lugha ya programu inaitwa Haskell na nyingine inaitwa Curry. Schönfinkel alifia Moscow mwaka 1942, maskini, na inasimuliwa kwamba majirani walichoma karatasi zake kupata joto. Kwa kweli hilo lilinikaa kuliko hesabu zenyewe. Karatasi za mtu, zimeota moto watu wasiojua kilichoandikwa.

Yule mtafiti wa chuo kingine nimemweka ukurasa wa pili wa pendekezo langu, jina na mwaka. Msimamizi amenirudishia: malengo yote matatu niandike upya, nionyeshe mimi naongeza nini. Nina wiki mbili.