Buster Keaton, Mchekeshaji Asiyecheka

Zamani sinema hazikuwa na sauti. Watu walitazama picha tu, na mtu mmoja alipiga piano kando. Kwa hiyo mchekeshaji hakuweza kuwachekesha watu kwa maneno. Ilimpasa kutumia mwili wake: kukimbia, kuruka, kuanguka. Fundi mkubwa wa kazi hiyo alikuwa Buster Keaton.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1895 katika kijiji cha Piqua, jimbo la Kansas, Marekani. Wazazi wake walikuwa wachezaji wa kusafiri mji hata mji. Buster alipokuwa bado mdogo sana, walimwingiza katika mchezo wao. Baba yake alimtupa huku na huku mbele ya watu kama mzigo. Hata walimshonea mshikio mgongoni mwa nguo, baba apate kumkamata vizuri! Lakini mtoto alijua mapema namna ya kuanguka bila kuumia. Alijua na neno lingine: akicheka yeye, watu hawacheki, akikaza uso, watu wanacheka sana. Basi akakaza uso maisha yake yote.

Mwaka 1917 aliingia kazi ya sinema, na mwaka 1920 akaanza kutengeneza sinema zake mwenyewe. Mwaka 1924, alipokuwa akicheza juu ya gari la moshi, maji mengi ya tangi yalimwangukia, akapigwa shingo kwenye reli. Kichwa kilimwuma, lakini aliendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari alimpiga picha, akaona kwamba siku ile shingo ilivunjika.

Sasa sikilizeni habari ya ukuta. Ilikuwa mwaka 1927, katika sinema ya tufani. Keaton alisimama mbele ya nyumba. Ghafula ukuta wote wa mbele ukang'oka, ukamwangukia. Haukuwa ukuta wa karatasi; ulikuwa mzito kabisa. Lakini juu palikuwa na dirisha wazi, na Keaton alikuwa amesimama mahali palipopimwa, sawasawa na dirisha lile. Ukuta ulishuka, yeye akabaki amesimama katikati, mzima. Nafasi iliyobaki kando yake ilikuwa ya vidole vichache tu. Kama angalisogea hatua moja, angalikufa. Watu wengine waliokuwa pale waligeuza macho, wasione.

Mtu huyu asiyeogopa ukuta aliangushwa na karatasi. Mwaka 1928 alitia sahihi mkataba na kampuni kubwa ya MGM. Rafiki yake Charlie Chaplin alikuwa amemwonya, lakini hakusikia. Tangu hapo wengine waliamua acheze nini na namna gani. Sinema zikaanza kusema, naye akaanza kunywa pombe kupita kiasi. Mke wake alimwacha, akaondoka na watoto wawili. Mwaka 1933 kampuni ilimfukuza.

Alirudi polepole, kwa kazi ndogo: kuwatungia wachekeshaji wengine vichekesho. Mwaka 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza ngoma, aliyemtunza vema. Baada ya miaka sinema zake za kale zilianza kuonyeshwa tena. Mwaka 1965 alifika Venice, Italia, kwenye sikukuu ya sinema. Watu wote walisimama wakampigia makofi muda mrefu. Alikufa tarehe 1 Februari 1966, mwenye miaka 70.