Gakaara wa Karatina: Kalamu na duka chini ya paa moja

Kila wanapokutana wapenzi wa fasihi, iwe Nyeri mjini, Karatina, Othaya au Nanyuki, lalamiko moja halikosi kusikika. Mwalimu atasema kwamba ana hadithi iliyofika sura ya tatu tangu miaka minne iliyopita, ila madaftari ya wanafunzi hayampi nafasi ya kuendelea. Karani wa chama cha ushirika cha kahawa atasema kwamba msimu wa mavuno umemmaliza nguvu. Muuguzi ataeleza habari za zamu za usiku. Wote huishia mahali pamoja, kwamba lau kazi ingaliwaachia nafasi, wangaliandika. Na wahenga wamekwisha kuwatolea hukumu: mshika mawili, moja humponyoka.

Hatukusudii kuwadharau watu hawa. Karo hailipwi kwa mashairi, wala watoto hawashibi kwa riwaya. Hata hivyo, kabla hatujaikubali hukumu hiyo ya wahenga, yafaa tumkumbuke mwana mmoja wa Nyeri ambaye kwa zaidi ya miaka 50 aliyashika mawili, na ambaye jina lake latajwa mara chache mno katika mji ule ule alimofanyia kazi. Huyo ni marehemu Gakaara wa Wanjau.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha Gakanduini, karibu na misheni ya Tumutumu. Baba yake alikuwa kasisi wa kanisa la Presbiteri, kwa hiyo kitabu na kalamu havikuwa vitu vigeni nyumbani mwao. Alisoma Tumutumu, kisha akapata nafasi katika shule ya Alliance kule Kikuyu, nafasi ambayo vijana wachache mno wa Kiafrika waliipata enzi hizo. Aliyetoka Alliance kwa salama alikuwa na hakika ya ualimu au ukarani wa heshima. Gakaara hakutoka kwa salama. Mwaka 1940, baada ya mgomo wa wanafunzi, alifukuzwa. Mwaka huo huo akajiunga na jeshi la Waingereza, dunia ikiwa katika vita.

Vita vilipokwisha, vijana waliorudi makwao walikuta mambo yale yale waliyoyaacha: kipande shingoni, ardhi mikononi mwa walowezi, na mshahara usiomfikisha mtu mwisho wa mwezi. Wengi walitafuta kazi, wakanyamaza. Gakaara naye alihitaji chakula kama wenzake, lakini mwaka 1946 alitoa kijitabu cha hadithi kwa lugha ya Kikuyu, Uhoro wa Ugurani. Siku hizo aliyejua kusoma Kikuyu alisoma hasa Biblia, nyimbo za kanisa na vitabu vya shule vilivyotoka kwa wamisheni. Hadithi ya kubuni iliyohusu mapenzi ya vijana na uzito wa mahari, iliyoandikwa na kijana Mwafrika na kuuzwa kwa Waafrika wenzake, ilikuwa jambo jipya kabisa. Ndiyo maana wanaochunguza fasihi ya Kikuyu humweka Gakaara katika safu ya mbele ya watunzi wake.

Mwaka 1948, akiwa Nakuru, aliandika kijitabu kingine, na safari hii kwa Kiswahili. Alikiita Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Nakuru ulikuwa mji wa watu wa makabila mengi waliofanya kazi relini na katika mashamba ya walowezi, na Gakaara alitambua kwamba maneno ya kuwaamsha watu hao yalihitaji lugha ya wote.

Hapa ndipo swali letu linapoanza. Mtu mwenye kipawa cha kuandika na tumbo linalodai chakula afanyeje? Zama za Gakaara kulikuwa na njia mbili zilizojulikana. Njia ya kwanza ilikuwa ya Shaaban Robert wa Tanga. Yeye aliingia katika utumishi wa serikali ya Tanganyika mwaka 1926, akaanzia forodhani, akaendelea kuitumikia serikali kwa zaidi ya miaka 30. Mchana alikuwa mtu wa mwajiri wake; saa zilizobaki alikuwa mtu wa kalamu. Aliutenga ukarani na utunzi kama mtu atengavyo nguo za kazini na nguo za sikukuu. Alipotaka kuwakosoa watawala, aliwahamishia katika nchi isiyokuwapo duniani, nayo Kusadikika ikatoka mwaka 1951.

Njia ya pili ilikuwa ya Henry Muoria wa Kabete. Yeye alikuwa gadi wa gari la moshi, akaandika huku akiwa kazini relini, na mwaka 1945 akaacha kazi hiyo ili aishi kwa gazeti lake la Mumenyereri. Gazeti hilo lilisomwa sana hadi serikali ilipolizima mwaka 1952, Muoria mwenyewe akiwa safarini Uingereza. Hakuweza kurudi kuishi kwao. Mtu aliyeacha reli kwa ajili ya kalamu alijikuta akifanya kazi ya gadi tena, safari hii katika treni za chini ya ardhi za London.

Gakaara alishika njia ya tatu. Hakuitenga kazi na utunzi, wala hakuitupa kazi ili atunge. Aliifanya kazi yenyewe iwe ya vitabu. Katika miaka ile ya baada ya vita, yeye na wenzake waliunda kampuni ya waandishi wa Kiafrika, wakawa watunzi, wachapishaji na wauzaji kwa pamoja. Mtu aliyeandika hadithi usiku ndiye aliyehesabu mapato yake mchana. Kila barua ya kudai deni, kila furushi la vijitabu lililopakiwa ndani ya basi, lilikuwa sehemu ya utunzi wake.

Yaelekea msomaji ataona kwamba hapo fumbo limefumbuliwa. La, halijafumbuliwa. Njia hii ina faida yake na ina ada yake, na Gakaara alitozwa ada hiyo bila ya huruma.

Mwezi Agosti mwaka 1952 alitoa Witikio wa Gikuyu na Mumbi, maandishi mafupi yaliyofuata muundo wa imani isomwayo kanisani, lakini yaliyoungama imani ya watu wanaodai ardhi yao. Usiku wa tarehe 20 Oktoba mwaka huo, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, Gakaara alikuwa miongoni mwa waliokamatwa wa kwanza. Mwandishi alipotiwa pingu, mchapishaji na mwenye duka walitiwa pingu pamoja naye. Aliyejenga riziki na utunzi wake chini ya paa moja hana kibanda cha pembeni cha kukimbilia nyumba inapoungua. Mkewe, Shifra Wairire, naye baadaye alitiwa kizuizini.

Alipelekwa Kajiado, kisha kisiwa cha Manda, Lamu, mbali na baridi ya Mlima Kenya. Katika hali hiyo, kazi si ile ya mshahara bali ni ile ya amri, na kalamu ni kitu cha kufichwa. Gakaara aliandika. Aliweka kumbukumbu za siku kwa siku, akaandika majina, safari, maradhi, mabishano na matumaini ya wafungwa wenzake, huku akijua kwamba karatasi hizo zikionekana zitamponza. Tunaosema kwamba hatuna nafasi ya kuandika kwa sababu ya mwajiri mkali, na tuitazame hali ya mtu huyu ambaye mwajiri wake alikuwa askari mwenye bunduki.

Alipoachiliwa, mwisho mwisho wa ukoloni, alianza upya. Alifungua biashara ya vitabu, na hatimaye akaweka makao yake Karatina, mji wa soko kubwa ulioko kati ya Nairobi na Nanyuki, ambako mkulima huleta viazi na kabeji na mchuuzi wa mbali huja kuzichukua. Hapo Gakaara aliweka mtambo wa kuchapisha. Alichapisha vitabu vya kuwafundisha watoto kusoma Kikuyu, hadithi zake mwenyewe, na jarida aliloliita Gikuyu na Mumbi. Alimbuni pia mhusika mmoja mcheshi, Wa-Nduuta, ambaye visa vyake vilitoka kimoja baada ya kingine, wasomaji wakivifuata.

Anayeujua mtambo wa mji mdogo anafahamu kwamba nao ni kinywa. Hudai karatasi, wino, vipuri na mishahara ya vijana wanaouendesha. Kinachoulisha si riwaya. Kinachoulisha ni vitabu vya risiti, kadi za arusi, ratiba za mazishi na matangazo ya mikutano. Mteja wa kadi za arusi hawezi kuambiwa asubiri mpaka sura ya saba imalizike, kwa maana siku ya arusi haingoji. Mwenye mtambo akiingia kazini asubuhi akiwa na hadithi kichwani, huenda akatoka jioni nayo ikiwa bado kichwani.

Kwa maoni yetu, hali hiyo ndiyo inayoeleza sura ya utunzi wa Gakaara. Hadithi zake nyingi ni fupi. Vitabu vyake ni vijitabu vyembamba, vya bei ambayo mtu aliyeuza magunia mawili ya viazi angeweza kuimudu. Visa vya Wa-Nduuta ni kazi inayoweza kuandikwa kipande kwa kipande, katikati ya oda moja na nyingine. Wapo watakaosema kwamba huo ni upungufu, na kwamba lau angalikuwa na nafasi angaliacha riwaya nene. Huenda ikawa hivyo. Lakini riwaya nene isiyoandikwa haimfai mtu, na kijitabu kilichoandikwa, kikachapishwa na kusomwa kimekwisha kufanya kazi yake. Gakaara aliupima wakati aliokuwa nao, akakata nguo kwa kadiri ya kitambaa.

Hata hivyo, ipo ada nyingine ambayo haifai kufichwa. Zile kumbukumbu za kizuizini, alizoanza kuziandika mwaka 1952, hazikutoka kama kitabu hadi mwaka 1983. Hiyo ni miaka 31. Na zilipotoka, kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini, hazikutoka Karatina kwa mtambo wake mwenyewe. Zilichapishwa na kampuni ya Heinemann iliyokuwa Nairobi. Mwaka 1984 kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika, pamoja na kitabu cha hadithi cha Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini, na mwaka 1988 kikatoka kwa Kiingereza. Yaani mtu aliyetumia maisha yake kuwajengea wengine mlango wa kuchapishia alihitaji mlango wa mwingine ili kitabu chake kikubwa kitoke. Mwenye duka hula mwisho.

Wala tuzo haikumletea utulivu. Mwaka 1986, katika msako wa watu walioshukiwa kuwa wa kundi la Mwakenya, mzee huyu wa zaidi ya miaka 60 alikamatwa tena, safari hii na serikali ya nchi huru aliyoiteswea. Alipotoka, alirudi Karatina kwenye kazi yake. Alifariki dunia mwezi Machi mwaka 2001. Leo atakaye kuyachunguza maandishi na barua zake kwa urefu anaweza kuzipata nakala zake katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na hapo hapana budi tujiulize ni vijana wangapi wa Karatina wamepata kukiona hata kijitabu chake kimoja.

Je, tunamshauri kila mwalimu anunue mtambo? Hasha. Njia ya Gakaara ilikuwa ya Gakaara, na ya Shaaban Robert ilikuwa ya Shaaban Robert. Tunalosema ni kwamba hakuna kati yao aliyepewa nafasi na kazi yake. Nafasi ilichukuliwa, na kila mmoja alijua atailipia nini. Mmoja alilipa kwa usingizi, mmoja kwa kuishi ugenini, na huyu wa Karatina alilipa kwa vitabu virefu ambavyo pengine vilimezwa na mtambo wake. Mwandishi anayetaka njia isiyo na malipo atangoja hadi atakapostaafu, na atakapostaafu atagundua kwamba mkono umesahau.

Lakini lawama yote isimwangukie mwandishi. Gakaara alipoweka bei ndogo na kurasa chache, alikuwa amemsogelea msomaji hadi mlangoni. Iliyobaki ilikuwa hatua ya msomaji. Mji unaonunua kadi za arusi kwa mamia na hadithi kwa vidole vya mkono mmoja ndio unaoamua mtambo uchapishe nini. Tukitaka wanaotuandikia wawe na wakati, na tuununue wakati huo, shilingi kwa shilingi, kitabu kwa kitabu.

Wahenga hawakukosea: mshika mawili, moja humponyoka. Ila Gakaara hakuyashika mawili mikononi. Aliyafunga kwa kamba moja, akajitwika. Mzigo ulimwelemea, ukampinda mgongo, ukamchelewesha njiani. Lakini alifika nao.