Hugh Trowell: Tabibu aliyesaka chanzo cha kwashakoo

MTOTO anapofikishwa hospitalini mjini Isiolo akihema kwa shida, mbavu zikididimia kila avutapo pumzi, ugonjwa unaotajwa kwanza aghalabu huwa nimonia. Hata hivyo, mhudumu hawezi kuishia hapo. Huuzungushia mkono wa mtoto utepe wa rangi tatu, na iwapo mzingo wake haufiki sentimita 11.5, hujua kwamba ana maadui wawili wa kukabili kwa pamoja: maradhi ya kifua na utapiamlo mkali.

Kwamba nyuma ya homa na kikohozi huenda kukawa na njaa ni jambo ambalo leo halibishaniwi. Lakini katika Afrika Mashariki ya miaka ya 1930 halikuwa wazi, na miongoni mwa waliotumia miaka mingi kulisaka ni Dkt Hugh Trowell, tabibu Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1904.

Trowell, aliyesomea udaktari London, alianza kazi nchini Kenya mwaka wa 1929 katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni. Huko alikumbana na watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu na nyuso, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabanduka, nao wenyewe wamenuna na kukataa chakula. Wengi walikufa. Madaktari wengi wa zama hizo walisingizia minyoo ya safura au kaswende ya kurithi, maelezo yaliyokuwa mepesi kwa kuwa hayakumlazimu mtu kuuliza mtoto alikuwa akila nini nyumbani.

Mnamo 1933, Dkt Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyehudumu Gold Coast (Ghana ya leo), aliandika kuhusu watoto wa aina hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye aliupa ugonjwa jina la kwashiorkor, neno la Waga linalohusu maradhi ya mtoto aliyepokonywa nafasi na mdogo wake. Kiswahili kimelipokea kwa umbo la kwashakoo. Wakubwa wa tiba walimpinga Williams, wakisisitiza kuwa huo ni ugonjwa wa pelagra tu.

Trowell naye alikuwa upande wa wapinzani hao. Baada ya kuhamia Uganda mwaka wa 1935, ambako alitibu katika hospitali ya Mulago na kufundisha wanafunzi wa Makerere, aliandika mwaka wa 1937 juu ya pelagra ya watoto wa Kiafrika. Vitamini iliyotibu pelagra, lakini, haikuwaponya wagonjwa wake. Aliiacha nadharia hiyo, na hilo si dogo kwa daktari aliyekwisha kuitangaza hadharani.

Mwenzake, John Davies, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti, aligundua kwamba ini za watoto hao zilijaa mafuta na kongosho zao zilinyauka. Mwaka wa 1954 Trowell, Davies na Rex Dean walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kwashakoo. Walieleza upungufu wa protini kwa mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa matoke au mihogo, na tiba yenye msingi wa maziwa.

Wakati huo siri ya kinga ya mwili ilikuwa haijafumbuliwa vyema. Sasa inajulikana kwamba mwili wenye njaa hukata matumizi: tezi ya thaimasi, mahali zinapokomaa seli fulani za ulinzi, husinyaa, utando wa ndani wa njia ya hewa na wa utumbo hudhoofika. Wadudu ambao mtoto mwenye siha angewashinda kwa mafua ya siku tatu hushuka hadi mapafuni. La kutisha zaidi, mtoto wa aina hiyo anaweza kuwa na nimonia kali bila homa yoyote. Ndiyo maana mwenye utapiamlo mkali hupewa dawa za viuavijasumu hata kama haonyeshi dalili za maambukizi. Maradhi nayo humnyima hamu ya kula, akazidi kukonda.

Nadharia ya protini pekee pia imepungua nguvu. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wameikosoa, na utafiti uliofanywa Malawi na kuchapishwa 2013 ulionyesha kuwa bakteria wa utumbo nao wana mchango. Katika kaunti ya wafugaji kama Isiolo sura ya tatizo ni nyingine tena: mtoto hutegemea maziwa, na ukame kama ule wa 2020 hadi 2023 unapoua mifugo, au mifugo inapohamishwa mbali, hubakia uji wa mahindi. Huko ukondefu huonekana zaidi kuliko uvimbe.

Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwa kasisi wa Kianglikana Uingereza. Mkewe, Margaret, ndiye mwanzilishi wa shule ya sanaa ya Makerere inayobeba jina lake hadi leo. Uzeeni Trowell alirudia utafiti wa lishe, safari hii akichunguza matajiri wanaougua kwa kula vyakula vilivyokobolewa mno, na mwaka wa 1975 yeye na Denis Burkitt, rafiki wa siku za Uganda, walitoa kitabu kuhusu suala hilo. Aliaga dunia mwaka wa 1989.