Hunayn bin Is-haq na Mtihani wa Matabibu wa Macho

Ijumaa hii tunamkumbuka mtu ambaye kitabu chake kilifanywa kipimo cha kila aliyetaka kutibu macho ya watu. Naye ni Hunayn bin Is-haq, aliyezaliwa mwaka 808 Miladia katika mji wa Hira, nchini Iraq, akiwa mtoto wa muuza dawa. Alikuwa Mkristo wa Kinestori. Makhalifa wa Baghdad walilijua hilo na wakampa kazi ya elimu vilevile.

Ujanani alisoma kwa Yuhanna bin Masawayh mjini Baghdad. Maswali yake yalikuwa mengi mno, hata mwalimu akaghadhibika na kumfukuza, akimkebehi kwamba watu wa Hira kazi yao ni kubadilisha fedha sokoni. Hunayn alitoka akilia. Alitoweka kwa muda, na aliporejea alikuwa amekimudu Kiyunani hata akisoma mashairi ya Homer kwa moyo. Ibn Masawayh akapatana naye, na baadaye akawa miongoni mwa waliomwomba awafasirie vitabu.

Lakini kinachotustaajabisha zaidi ni jinsi alivyojihukumu mwenyewe. Akiwa na umri wa miaka 20 hivi alifasiri kitabu cha Galen, tabibu ambaye Waarabu humwita Jalinus, kutoka katika nakala yenye makosa mengi. Alipokaribia miaka 40, na sifa zake zimekwisha kuenea, alikirudia kitabu kilekile kwa ombi la mwanafunzi wake Hubaysh. Alikusanya nakala kadhaa za Kiyunani, akazilinganisha, kisha akaisahihisha kazi yake ya ujanani. Makala zake juu ya jicho nazo aliziandika kwa zaidi ya miaka 30, ndipo zikakusanywa kuwa kitabu kimoja cha makala kumi.

Khalifa Al-Mutawakkil naye alimjaribu. Alimtaka atengeneze sumu ya kumuulia adui. Hunayn akakataa, akafungwa mwaka mzima. Alipotolewa na kuonyeshwa upanga, alishikilia jibu lake kwamba dini yake na kazi yake vyote viwili vinamkataza. Hapo Khalifa akamfahamisha kuwa alitaka tu kujua kama anaaminika.

Hunayn alifariki mwaka 873. Mwaka 931 mgonjwa mmoja wa Baghdad alikufa kwa kosa la tabibu, na Khalifa Al-Muqtadir akaamuru pasiwe na atakayetibu mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit. Waliotahiniwa walizidi 800, na kila mmoja aliandikiwa kazi anayoruhusiwa kuifanya.

Katika karne ya 12, Al-Shayzari aliwaandikia muhtasibu, wasimamizi wa masoko, mwongozo wa kazi yao. Tabibu wa macho kwa Kiarabu ni kahhal, jina litokanalo na wanja huu huu tunaoujua majumbani mwetu. Al-Shayzari aliagiza kahhal aulizwe kwa kitabu cha Hunayn: tabaka saba za jicho, majimaji yake matatu, maradhi yake na uchanganyaji wa dawa zake. Aliyejibu sawasawa aliruhusiwa kutibu, na bado alipaswa kuwa na vifaa vyake kamili: kulabu, vikwaruzo, nyembe na kichupa cha wanja. Ama makahhal wa kuzungukazunguka mitaani, wengi wao aliwahesabu kuwa si wa kuaminiwa, kwa kuwa walithubutu kukata macho ya watu bila ya elimu.