Dkt. Kiano na Milango ya Elimu

Kila inapozungumzwa habari ya ndege zilizowachukua vijana wetu kwenda kusoma Marekani miaka ya mwisho ya ukoloni, jina linalotajwa kwanza ni la Tom Mboya. Hiyo ni haki yake. Lakini nionavyo mimi, hayati Dkt. Julius Gikonyo Kiano amepunjwa katika masimulizi hayo, na walimu wa historia ndio wanaoweza kumrudishia fungu lake.

Kiano alizaliwa Weithaga, Murang'a. Alisomea Alliance na Makerere, kisha mwaka 1948 akavuka bahari kwenda Marekani. Mwaka 1956 alitunukiwa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akawa Mkenya wa kwanza kufikia daraja hiyo. Aliporejea aliikuta nchi ingali chini ya Hali ya Hatari, akaanza kufundisha uchumi na sheria za katiba katika chuo ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hakukaa sana darasani. Machi 1958, viti vya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria vilipoongezwa kutoka 8 hadi 14, aliwania kiti cha Mkoa wa Kati Kusini akashinda. Vitabu vyetu hulipita haraka mno jambo moja: Mkikuyu wa wakati huo hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha kuthibitisha uaminifu wake kwa serikali. Kwa hiyo mhadhiri huyu alichaguliwa na wachache, ikambidi awasemee wengi wasiokuwa na kura, baadhi yao wakiwa bado kizuizini.

Ni katika siasa hizo ndipo alipofanya kazi yake kubwa ya ualimu. Mboya alipokuwa akitafuta wafadhili huko Marekani, Kiano na Kariuki Njiiri walishirikiana naye kuwachagua vijana wa kupelekwa. Wakoloni walizibeza shahada za Marekani kuwa hafifu. Kiano mwenyewe, kwa elimu yake, alikuwa jibu lisilohitaji maneno. Wafadhili walilipa nauli, vyuo vikatoa nafasi, na wazazi na majirani vijijini wakachanga shilingi za matumizi. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Kufikia 1963 idadi ilikaribia 800. Miongoni mwa walioondoka mwaka 1960 alikuwemo Wangari Maathai.

Kuhusu uwaziri wake, sifa zangu zina mipaka. Akiwa Waziri wa Biashara na Viwanda baada ya uhuru, alijaribu kuutia uchumi wake katika vitendo. Mwaka 1965 liliundwa shirika la KNTC ili Waafrika wapate sehemu katika biashara ya jumla, iliyokuwa mikononi mwa wageni. Nia ilikuwa njema, kwani uhuru wa bendera pekee haujazi ghala la mwenye duka. Hata hivyo, uwakala na leseni vilielekea kuwafaa wenye kujuana na wakubwa, na wachuuzi wadogo wakabaki walipokuwa. Aliporudi katika wizara hiyo miaka ya 1970, wafanyabiashara wengi wenye asili ya Kiasia walipewa ilani za kufunga maduka yao, na hapo pia walionufaika hawakuwa wengi. Mchumi kama yeye, sidhani kama hakuliona hilo.

Katikati ya miaka hiyo aliwahi kushika Wizara ya Elimu pia. Kisha, katika uchaguzi wa 1979, wapiga kura wa Mbiri walimwacha wakamchukua Kenneth Matiba.

Dkt. Kiano alifariki Agosti 2003. Miezi michache kabla ya hapo, Mwai Kibaki, aliyeacha kufundisha uchumi Makerere mwishoni mwa 1960 ili aingie siasa, alikuwa ameapishwa kuwa Rais.